Afya: Sauti iliyotibiwa hupimwaje? Funzo kutoka Johannesburg

Mgonjwa wa malaria hutolewa damu, na mgonjwa wa shinikizo la damu hufungwa kifaa mkononi. Lakini mtu aliyepotewa na sauti, akishamaliza matibabu, hupimwa kwa kitu gani hata isemwe kwamba amepona? Makala haya ya afya yanaelekea Johannesburg, Afrika Kusini, mji ambao wagonjwa wake huzungumza lugha nyingi kuliko zile zilizotumika kutungia vipimo vyenyewe.

Sauti ni chombo cha kazi kwa watu wengi: mwalimu, mhubiri, wakili, mwimbaji, mchuuzi wa sokoni, na hata mpiga debe katika kituo cha teksi. Chombo hicho kikiharibika, riziki nayo huyumba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 katika majimbo ya Iowa na Utah, nchini Marekani, uliwalinganisha walimu 1,243 na watu 1,288 wa kazi nyingine. Asilimia 11 ya walimu walikuwa na tatizo la sauti wakati ule wa kuulizwa, ikilinganishwa na asilimia 6.2 ya wale wengine. Zaidi ya nusu ya walimu, asilimia 57.7, walisema waliwahi kupatwa na tatizo hilo maishani mwao.

Johannesburg ina mambo yake ya ziada. Mji huo uko katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na majira yake ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, huwa makavu sana. Hewa kavu hupunguza unyevu unaozilainisha nyuzi za sauti. Mwalimu anayelazimika kupaza sauti mbele ya darasa kubwa katika miezi hiyo huzitumikisha nyuzi zake katika wakati mgumu kwao.

Kliniki yenye historia ndefu

Fani ya kutibu matatizo ya usemi na sauti ina mizizi ya siku nyingi mjini humo. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa fonetiki Pierre de Villiers Pienaar aliasisi kliniki na mafunzo ya fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kinachofahamika zaidi kwa jina la Wits. Hatua hiyo ndiyo iliyoifungua njia ya taaluma hiyo nchini Afrika Kusini. Kusini-magharibi mwa mji, huko Soweto, iko hospitali ya Chris Hani Baragwanath, mojawapo ya hospitali kubwa kabisa duniani. Ilifunguliwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa weusi chini ya sera ya ubaguzi wa rangi.

Historia hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu. Kwa miongo mingi wataalamu wa usemi nchini humo walikuwa takriban wote wazungumzaji wa Kiingereza na Kiafrikaans, na vifaa vyao vya kupimia vilitungwa kwa lugha za Ulaya. Wagonjwa walio wengi, hata hivyo, walikuwa wakizungumza Kizulu, Kisotho, Kixhosa, Kitswana, Kitsonga au Kivenda. Tutalirejea jambo hili baada ya kuvitazama vipimo vyenyewe.

Sauti hutoka wapi?

Ndani ya zoloto, lile gumba linaloonekana likipanda na kushuka shingoni mtu anapomeza, mna mikunjo miwili ya nyama laini tunayoiita nyuzi za sauti. Pumzi inapopanda kutoka mapafuni, mikunjo hiyo hukutana na kutetema. Kwa mwanamume mtu mzima hutetema kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde, na kwa mwanamke karibu mara 200. Kinundu kidogo tu, uvimbe, kovu au udhifu wa neva hutosha kuizuia mikunjo isikutane sawasawa. Hapo pumzi huvuja, mtetemo huenda kombo, na sauti hupwea, hukwaruza au hukatika kabisa.

Matibabu hutegemea chanzo. Vinundu vinavyotokana na kutumia sauti vibaya mara nyingi hutibiwa kwa mazoezi chini ya mtaalamu wa sauti. Vinyama vingine huondolewa kwa upasuaji. Uzi uliopooza huweza kudungwa sindano ya kuujaza ili ukutane na mwenzake. Baada ya hayo yote hubaki swali moja: je, kuna nafuu, na ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2001, kamati ya wataalamu wa jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya zoloto ilitoa mwongozo ambao hadi leo una uzito. Ilipendekeza sauti itazamwe kwa njia tano: sikio la mtaalamu, picha ya nyuzi zenyewe, hesabu za mawimbi ya sauti, nguvu ya pumzi, na maelezo ya mgonjwa.

Sikio na jicho

Kipimo kikongwe zaidi ni sikio. Mtaalamu humsikiliza mgonjwa na kumpa alama. Wajapani walibuni utaratibu uliopata umaarufu baada ya kitabu cha Minoru Hirano cha mwaka 1981. Humo sauti hupewa alama kuanzia 0, yaani haina kasoro, hadi 3, yaani imeharibika sana, katika mambo matano: ubaya wa jumla, ukwaruzaji, uvujaji wa pumzi, unyonge na kujikaza. Wamarekani nao, baada ya mkutano wa mwaka 2002 mjini Pittsburgh, walitengeneza utaratibu wao ambamo msikilizaji huweka alama kwenye mstari wenye urefu wa milimita 100.

Sikio lina sifa ambayo mashine haina, kwani husikia kile ambacho jirani, mwanafunzi na mteja watakisikia. Lakini sikio pia hudanganyika. Mtaalamu aliyemtibu mgonjwa kwa miezi miwili anatamani kusikia nafuu, na mwenye kutamani huweza kusikia kisichokuwapo. Kwa sababu hiyo, tafiti zilizo makini hurekodi sauti kabla na baada ya matibabu, kisha huzichanganya rekodi hizo na kuwapa wasikilizaji wasiojua ipi ni ya awali na ipi ni ya mwisho.

Jicho nalo lina historia yake. Mwaka 1854, mwalimu wa uimbaji Manuel García alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Leo madaktari hutumia kamera nyembamba pamoja na taa inayomweka kwa haraka. Kwa kuwa macho ya binadamu hayawezi kufuata mitetemo mia moja au mia mbili kwa sekunde, mimweko hiyo hupangwa ili nyuzi zionekane kana kwamba zinakwenda polepole. Daktari huona kama kinundu kimepungua, kama nyuzi zinafunga sawasawa, na kama mtetemo wa kulia unalingana na wa kushoto.

Kompyuta na pumzi

Katika kipimo cha tatu, mgonjwa hutamka "aaa" kwa sekunde kadhaa mbele ya maikrofoni, nayo kompyuta huhesabu. Hutafuta idadi ya mitetemo kwa sekunde, jinsi mtetemo mmoja unavyotofautiana na unaoufuata kwa muda na kwa nguvu, na kiasi cha kelele kilichochanganyika na sauti safi. Programu inayotumiwa mno katika kazi hii ni Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Programu hiyo hutolewa bure, jambo lenye maana kubwa kwa hospitali za Afrika.

Hata hivyo, hesabu hizo zina mtego. Ili kompyuta ipime tofauti kati ya mtetemo na mtetemo, ni lazima kwanza itambue mtetemo mmoja unaanzia wapi na kuishia wapi. Sauti ikiharibika mno, alama hizo hazionekani tena, na namba zinazotoka hazina maana. Ndiyo kusema kwamba baadhi ya vipimo vya mashine huwa dhaifu kwa yule mgonjwa aliyezidiwa, ambaye ndiye anayevihitaji zaidi. Watafiti wameunda mbinu mpya zisizotegemea kuhesabu mtetemo mmoja mmoja, na vipimo vinavyounganisha "aaa" na maneno ya kawaida. Kimojawapo kilitolewa na watafiti wa Ubelgiji mwaka 2010.

Mazingira nayo huleta udanganyifu. Rekodi ya kwanza ikifanywa katika chumba chenye kelele na ya pili katika chumba kimya, kompyuta itaonesha nafuu ambayo haikuletwa na matibabu. Chumba, maikrofoni na umbali wake kutoka mdomoni havina budi kuwa vilevile mara zote mbili.

Pumzi hupimwa kwa urahisi zaidi. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu na kutamka "aaa" kadiri awezavyo. Watu wazima wengi wenye afya hufikisha sekunde 15 au zaidi, na muda ulio chini ya sekunde 10 humfanya mtaalamu aulize maswali. Njia nyingine ni kulinganisha "sss" na "zzz". Unapotamka "sss" nyuzi za sauti hazitetemi, na unapotamka "zzz" hutetema. Kwa mtu mwenye nyuzi nzima, muda wa sauti hizo mbili hukaribiana. Lakini ikiwa nyuzi hazifungi, pumzi huvuja na "zzz" hukatika mapema. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani Eckel na Boone walieleza kwamba muda wa "sss" ukigawanywa kwa ule wa "zzz" na jibu likazidi 1.4, huenda pana kasoro kwenye nyuzi. Hicho ni kipimo cha kuchuja tu, msikilizaji, wala hakitoshi kutambua ugonjwa.

Mgonjwa ana la kusema

Kwa muda mrefu kipimo cha tano kilidharauliwa. Mwaka 1997, wataalamu wa Marekani walichapisha hojaji yenye kauli 30 kuhusu namna tatizo la sauti linavyomwathiri mtu katika shughuli zake, mwilini mwake na katika hisia zake. Kila kauli hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 120. Waliotunga hojaji hiyo walieleza kwamba tofauti ya alama 18 kati ya mara ya kwanza na ya pili ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa badiliko la kweli. Mwaka 2004 ilitoka hojaji fupi ya kauli 10, ambayo jumla yake ni 40.

Alama hizo 18 zinatufundisha jambo la msingi. Sauti ya mtu huyumba kila siku. Asubuhi si sawa na jioni, na Ijumaa ya mwalimu si sawa na Jumatatu yake. Kila kipimo kina myumbo wake wa kawaida, na badiliko dogo kuliko myumbo huo haliwezi kuitwa nafuu, hata kama limeelekea upande tunaoupenda.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya msingi Soweto anatibiwa vinundu kwa mazoezi ya wiki nane. Mwishoni kamera inaonesha vinundu bado vipo, ingawa vimepungua kidogo. Muda wake wa kutamka "aaa" umetoka sekunde 9 hadi 10. Lakini katika hojaji ya kauli 30, alama zake zimeshuka kutoka 62 hadi 38, yaani 24. Anafundisha hadi kengele ya mwisho, na jioni anaweza kuzungumza na watoto wake. Je, amepona?

Mwenye kuamini kamera atasema bado, na mwenye kuamini hojaji atasema ndiyo. Ukweli ni kwamba kila kipimo kimejibu swali lake: kamera imeulizwa habari za nyama, saa imeulizwa habari za pumzi, na hojaji imeulizwa habari za maisha. Vipimo hivi mara nyingi havipandi wala kushuka pamoja, na kutokubaliana kwao ni habari yenye manufaa. Kunamwambia mtaalamu kwamba mwalimu huyu amejifunza kuitumia sauti yake vizuri zaidi, lakini chanzo hakijaondoka na anahitaji kuendelea kuangaliwa.

Kinyume chake pia hutokea. Nyuzi huonekana safi baada ya upasuaji, kompyuta hutoa namba nzuri, na bado mgonjwa ambaye ni mwimbaji wa kwaya hawezi kufikia noti za juu alizozizoea. Kumwambia kwamba vipimo vinasema amepona ni kumnyima haki yake.

Sauti nzuri ni ipi?

Hapo ndipo Johannesburg inapotupa somo la pekee. Mji huo ulimlea Simon Nkabinde, aliyejulikana kama Mahlathini, mwimbaji wa mbaqanga aliyefariki dunia mwaka 1999. Akiimba pamoja na Mahotella Queens, alitoa sauti nzito ya kunguruma na kukwaruza iliyopendwa ndani na nje ya Afrika Kusini. Mtaalamu asiyejua muziki huo, akipewa rekodi bila maelezo, bila shaka angempa alama kubwa za ukwaruzaji. Wasikilizaji wa Soweto waliusikia ukwaruzaji huohuo wakauita ustadi. Kwa hiyo sauti haiwezi kupimwa bila kwanza kuuliza mwenyewe anaihitaji kwa kazi gani.

Lugha nayo inadai nafasi yake. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 iliidhinisha lugha rasmi 11, na mwaka 2023 lugha ya ishara ikawa ya 12. Kizulu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Mzulu ambaye nyuzi zake zimepoteza uwezo wa kupanda na kushuka hupoteza urembo wa sauti pamoja na sehemu ya maneno yake, hasara ambayo hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza haikuifikiria. Isitoshe, baadhi ya konsonanti za Kizulu na Kixhosa hutamkwa kwa kuachia pumzi na kuishusha toni. Msikilizaji mgeni anaweza kuiandika pumzi hiyo kama dalili ya ugonjwa, kumbe ni sarufi.

Tatizo hilohilo limo katika sentensi ambazo mgonjwa huombwa kuzisoma. Sentensi za kipimo cha Kimarekani zilichaguliwa kwa sababu ya sauti zilizomo, wala si kwa maana yake. Moja ina sauti zitetemeshazo nyuzi tu, na nyingine imejaa sauti za puani. Ukiitafsiri maana yake, sauti hizo hupotea na kipimo hufa. Tukitaka kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili, ni lazima tukitunge upya. "Baba yangu analima bamia na maboga" ni sentensi ambayo kila sauti yake huzitetemesha nyuzi. "Mama amenuna mno" haina konsonanti yoyote isipokuwa m na n. Mifano hii ni yetu ya kufafanulia tu, lakini inaonesha kazi ilivyo. Hata viwango vya kompyuta huathirika: kile kipimo cha Ubelgiji kilianza na kikomo cha 2.95 kwa wazungumzaji wa Kiholanzi, na watafiti wa lugha nyingine wamepata vikomo vyao tofauti.

Jambo hili linawagusa pia wazungumzaji wa Kiswahili waishio Johannesburg, wakiwamo wale wa kutoka Kongo mashariki wanaoishi katika mitaa kama Yeoville. Mgonjwa anayejaza hojaji kwa lugha yake ya tatu huweza kuonekana ana nafuu au hana, kumbe hakuielewa kauli.

Ni tiba au ni muda?

Limebaki swali gumu kuliko yote. Matatizo mengi ya sauti hupoa yenyewe. Mafua yanayovimbisha zoloto kwa kawaida huisha katika wiki mbili, na anayekunywa dawa yoyote siku ya kumi ataisifu dawa hiyo. Isitoshe, watu huenda hospitali pale hali inapokuwa mbaya kabisa, na baada ya ubaya wa kupindukia kwa kawaida hufuata unafuu.

Njia ya kutenganisha tiba na muda ni kuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa walimu 44 wa Marekani wenye matatizo ya sauti, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa vipaza sauti vya kuvaa wakati wa kufundisha, la pili lilipewa mafunzo ya kuitunza sauti, na la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki sita, ni kundi la vipaza sauti peke yake lililoonesha nafuu ya uhakika, katika hojaji na katika hesabu za kompyuta. Kundi lisilotibiwa lilieleza kwamba hali yake imezidi kuwa mbaya. Bila kundi hilo la tatu, hakuna ambaye angejua kwamba kukaa bure nako kuna gharama.

Haya yote yanatufikisha kwenye ushauri mwepesi. Kabla hujaanza matibabu ya sauti, hakikisha umerekodiwa, maana bila rekodi ya awali hakuna cha kulinganishia, na kumbukumbu ya sikio ni fupi. Uliza ni vipimo gani vitatumika, na ueleze mapema unaihitaji sauti yako kwa ajili gani. Omba hojaji kwa lugha unayoielewa. Na sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki nne, mwone daktari wa masikio, pua na koo akakutazame. Usingoje muda huo ikiwa unatema damu, unapata shida kumeza au kupumua, una uvimbe shingoni, au ni mvutaji wa sigara, kwani huenda ni dalili za saratani, kifua kikuu cha zoloto au ugonjwa mwingine usiopaswa kucheleweshwa.